Kurasa Nilizochoma Kabla ya Kumzika Mama

Nimekosa. Wacha nianze na hapo, kwa sababu nikianza na maelezo nitajitetea, na mimi ni mtu wa kujitetea sana. Nilimkosea Baba, nikamkosea Mama akiwa mochari hawezi kujibu, nikawakosea ndugu zangu wawili ambao mpaka leo hawajui. Jina siweki. Kama unanijua, tafadhali nyamaza.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza, sekondari moja upande wa Bomet. Miaka kumi na sita darasani. Kama umepitia mikononi mwangu unajua vile nilikuwa na hizo verbs za kubadilika-badilika. Go, went, gone. Bring, brought, brought. Asubuhi watoto wanasimama wanaimba yote, na ukithubutu kusema "teached" unabaki umesimama mpaka kengele. Walimu wenzangu walinibandika jina, Madam Past Tense. Nilijifanya nimekasirika lakini moyoni nilikuwa nafurahi. Eti heshima! Aki ujinga.

Kwetu ni Kiptere. Babu alitoka Central, kwa Wakikuyu, akaja kufungua duka, Baba akazaliwa huku, akakua huku, akaoa huku. Mama yangu ni Mkipsigis wa Sigowet. Walikuwa na kinu cha kusaga unga na shamba dogo la chai nyuma ya nyumba. Mimi ndiye nilipewa jina la mama yake Baba, kwa hivyo tangu nizaliwe Baba ananiita Maitu, yaani mama yangu. Hata nikiwa mtoto wa chekechea nakula udongo, ni Maitu.

Kiingereza kwetu kilikuwa mali ya hao wawili. Baba aliachia shule darasa la nne, Mama akafika la saba. Walianza kukitumia tukiwa wadogo, ili tusisikie mambo yao. Tulipokua tukakijua, wakaendelea nacho tu.

"Who eated my sugar?" Baba anauliza.

"The cow eated," Mama anajibu bila kugeuka.

Halafu wanacheka! Wanacheka mpaka Mama anashika ukuta. Baba alikuwa anasema hiyo ndiyo lugha ya haki ndani ya nyumba yake, kwa sababu akiongea Kikuyu watu wa Mama wananuna, Mama akiongea Kikipsigis watu wa Baba wananuna, lakini Kiingereza kila mtu anakikosea sawasawa.

Mimi nikatoka chuo na cheti changu, nikashindwa kunyamaza. Baba akisema "I buyed a cock," mimi huyo, "Bought, Baba. Bought." Akinitumia meseji naisahihisha namrudishia, na alama ya mshangao juu yake. Siku moja akaniandikia, "Sawa mwalimu." Baada ya hapo akawa ananipigia simu, haandiki tena. Sikuona kitu hapo. Nilidhani macho yake yamechoka.

Mwaka juzi Mama akaanza kuumwa na tumbo, akalazwa hospitali ya Kapkatet. Wiki tatu. Baba alikuwa anashinda kwa kile kiti kando ya kitanda, mpaka wauguzi wakawa wanamtania kwamba watamfungulia faili yake. Mimi nilikuwa naenda Jumapili peke yake, maanake shuleni kulikuwa na mitihani. Nilimwona Baba na kitabu cha mazoezi kwa goti, kile chembamba chenye jedwali la kuzidisha nyuma. Nikadhani anaandika saa za dawa. Sikuuliza.

Mama akatuacha siku ya Jumatatu. Woi, Mama!

Alhamisi, boma imejaa watu, Baba akaniita kando ya zizi. Alikuwa amefunga kile kitabu kwa karatasi ya nailoni kama mtu anayebeba nyama.

"Maitu, hii ndiyo eulogy ya mama yako, ya kusoma siku ya kumzika. Nyoosha pale kumepinda, halafu upeleke wachape. Nitasoma mwenyewe."

"Sawa, Baba."

"Usome yote. Unasikia? Mpaka nyuma kabisa."

"Nimesikia, Baba."

Nilisikia. Sijui kama kuna neno linaniuma kama hilo. Nilisikia vizuri sana.

Sasa unajua vile matanga ya kwetu iko. Hata marehemu awe hakuwahi kusema "good morning" maisha yake yote, eulogy ni ya Kiingereza, kwa ile programu ya kung'aa yenye picha mbele. Na huyo wa kwetu alikuwa anazikwa mbele ya watu. Mwalimu mkuu wangu alikuwa anakuja na staff wote. Wakwe zangu wanakuja, na baba mkwe ni mtu wa kuvaa tai hata akienda kukamua. Kwaya mbili. Wachungaji wanne.

Nikafunga mlango wa chumba changu cha zamani, nikafungua kitabu, na biro nyekundu mkononi.

"My wife was borned in Sigowet," Baba alikuwa ameandika. "I goed to the river with two mtungi and I seed her. I forgetted what bringed me there. I comed home with no water and my mother beated me."

Mtu mwenye moyo angecheka, halafu angelia. Mimi nilipata joto usoni. Nilizungushia makosa kumi na moja kwa ukurasa mmoja. Nikaanza kumwona Baba amesimama na maikrofoni, anasema "I seed her," na mwalimu wa fizikia anamgusa mwenzake kwa kiwiko, na mwalimu mkuu anaangalia viatu. Huyu ndiye baba wa Madam Past Tense!

Sikufungua ukurasa wa pili. Sikiliza hapo vizuri. Kitabu kizima, na nilisoma ukurasa mmoja.

Nilichukua simu, nikatafuta eulogy ya matanga nyingine tuliyokuwa tumeenda, nikabadilisha majina. Staunch Christian. Devoted wife. Her untimely demise. Ijumaa asubuhi mapema nikakimbia mjini Kericho, wakachapa, nikarudi nayo kwa boksi kabla ya saa nne. Ilikuwa safi. Hakuna kosa hata moja, na hakuna mama yangu hata kidogo.

Nilipofika nyumbani, akina mama wa kanisa walikuwa wanapika chai ya waombolezaji kule nje, lakini kuni zilikuwa mbichi, moshi tu. Mmoja akasema, "Kwani hii boma ya mwalimu haina karatasi ya kuwashia?"

Nikasema iko.

Ningeweza kuleta gazeti. Magazeti yalikuwa yamejaa pale kwa kiti. Lakini nilijua Baba, nilijua kesho mazishini angeweza kuweka ile programu ya kung'aa kando akasoma kitabu chake. Kwa hivyo nikatoa kitabu, nikachana kurasa nne nne, nikaziingiza chini ya sufuria. Kurasa za mwisho niliona mwandiko tofauti, umelala, umeenda chini ukitoka kwa mistari. Nikajiambia labda Baba alikuwa amechoka. Nikazisukuma na kijiti. Chai ikachemka, na mimi nikapewa kikombe cha kwanza kwa sababu nilileta moto.

Jumamosi asubuhi Baba akiwa amevaa suti yake ya harusi akaniuliza, "Maitu, kitabu yangu iko wapi?"

"Kilibaki kwa mchapaji, Baba. Lakini yote iko hapa ndani."

"Umesoma mpaka nyuma?"

"Nimesoma."

Uongo mara mbili kabla ya kiamsha kinywa, na mama yangu akiwa ndani ya gari njiani anakuja nyumbani.

Wakati wake ulipofika, Baba alisimama, akavaa miwani, akafungua programu. Akaanza. "The late was a sta... a sta..." Hakuwahi kuona neno "staunch" maishani. Alilijaribu mara tatu. Watoto kwa tenti wakaanza kucheka. Akaruka, akaanguka kwa "untimely". Akageuza ukurasa, akaurudisha, akaanza kutafuta. Sasa najua alikuwa anatafuta mto na ile mitungi. Akavua miwani.

"Haya si maneno tuliyokubaliana na yeye," akasema kwa Kiswahili. Akaonyesha jeneza kwa mkono.

Watu wakaguna kwa huruma. Mzee amelemewa. Mchungaji akamshika bega. Na mimi, na mimi nikasimama mbio nikachukua maikrofoni, nikasoma yote mpaka mwisho kwa ile sauti yangu ya darasa. Watu walipiga makofi kwa matanga! Mwalimu mkuu alinishika mkono akaniambia hajawahi kusikia eulogy imenyooka namna hiyo. Nilimshukuru. Jameni, nilimshukuru!

Tangu siku hiyo Baba hakuniita Maitu tena. Ni "mwalimu" tu. Nikimpigia, "Sawa mwalimu. Tuko sawa. Ng'ombe iko sawa." Nikadhani ni majonzi. Nikawaambia ndugu zangu mzee anahitaji muda.

Miezi miwili baadaye nilikuwa nyumbani, nimepeleka majani ya Baba kwa kituo cha kupimia chai. Kuna mama mmoja mzee alikuwa ameketi kwa gogo kando ya uzio, na mkongojo, amefunga leso kichwani. Akaniangalia sana.

"Wewe ni mtoto wa yule wa kitanda namba tisa."

Alikuwa anaitwa Mama Cherono. Alikuwa amelazwa kitanda cha jirani na Mama. Alipona, Mama hakupona. Alikuwa ametoka kwao Sigowet na mursik, maziwa yetu ya kuganda, kwa kibuyu kuja kumpa Baba pole, kwa sababu wakati wa mazishi alikuwa hawezi kutembea. Nikamshika mkono, nikamwambia kongoi, yaani asante. Tukaanza kupanda pole pole kuelekea nyumbani.

"Ile kitabu mlisoma vizuri?" akaniuliza.

"Kitabu gani, Mama?"

"Si ile mama yako alikuwa anasema na mzee anaandika! Kila siku wakimaliza uji. Mimi sijui Kizungu, lakini nilikuwa nacheka na wao. Wakifika kwa neno ngumu wanabishana. Huyu anasema hivi, huyu anasema vile, mpaka mama yako anakohoa, mzee anaogopa. Halafu mama yako anamwambia, wewe andika tu, mwalimu wetu atanyoosha."

Nilisimama pale katikati ya njia.

Yeye akaendelea, maskini, hakujua. "Na zile za nyuma? Za mbele zilikuwa za kusomea watu. Za nyuma zilikuwa zenu, kila mtoto na yake. Ya kijana. Ya yule mdogo. Yako alilia nayo sana. Ulisoma?"

Nilianza kulia na nikashindwa kusimamisha, na yeye akadhani ni uchungu wa mama, akanifuta uso na leso yake, akaniambia, "Lia, mtoto. Ni vizuri ulisoma."

Nilimfikisha kwa Baba, nikawapikia chai, nikangoja mpaka aende. Baba alikuwa ameketi nje ya kinu anafuta unga kwa mikono. Nikapiga magoti. Sijawahi kumpigia Baba magoti.

"Baba, kile kitabu hakikubaki kwa mchapaji. Nilikichoma."

Aliendelea kufuta kidole kimoja kimoja.

"Ulisoma mpaka wapi?"

"Ukurasa wa kwanza."

"Ya mtoni?"

"Ya mtoni."

"Mimi nilidhani ulisoma yote," akasema. "Nilidhani ulisoma ile yako, ukaweka kwa moyo, ukanyamaza. Nimekuwa nikikungojea uniambie kitu. Nikasema, huyu mtoto ni mgumu namna gani, mama yake anamwandikia na yeye hata hasemi."

"Kwa nini hukuniambia ni Mama alikuwa anasema?"

"Alikataa. Alitaka ufike huko mwenyewe ukisoma."

Nikamshika miguu. "Baba, niambie ilisema nini. Hata kidogo. Hata kwa Kiswahili, hata kwa Kikuyu. Wewe ndiye uliandika. Ilisema nini?"

Baba akaniangalia, na hapo ndipo niliona amezeeka.

"Ya kijana niliandika mimi, nitamwambia ile nakumbuka. Ya mdogo pia. Ile yako alinitoa nje. Aliniambia nenda ununue maziwa, nipe hiyo biro. Nilirudi nikapata amemaliza, mkono unatetemeka, amefunga kitabu. Sikufungua. Ilikuwa yako."

Haki ya Mungu, nililia mpaka wateja wa kinu wakarudi na mahindi yao. Hakuna mtu duniani anajua mama yangu aliniambia nini. Baba hajui. Mama Cherono hajui. Aliyejua yuko chini, na karatasi yenyewe ilichemsha chai, na mimi nikainywa.

Baba alinisamehe. Alisema hivyo, na yeye si mtu wa maneno ya bure. Lakini Kiingereza ameacha kabisa. Siku moja nilimjaribu, nikamuuliza mezani, "Who eated my sugar?" Alinijibu kwa upole, "Sukari iko kwa kabati, mwalimu."

Darasani nimekuwa mtu mwingine. Kuna mwalimu kijana aliletwa kwetu, anasoma sana. Juzi kwa staffroom alikuwa anatuambia kwamba hata Waingereza wenyewe wamekuwa wakibadilisha hizo verbs tangu zamani. Eti "helped" zamani ilikuwa "holp", watu wakachoka, wakaweka "ed" mwisho wakaendelea na maisha. Eti leo wengine wanasema "learnt" na wengine "learned", na hakuna anayekufa. Wenzangu walicheka, wakaniuliza, "Madam, unasemaje?" Nilichukua vitabu nikatoka nje. Nilikuwa nafikiria mtu wa kwanza kusema "helped", kama alikuwa na mtoto wa kumsahihisha.

Sasa mtoto akisema "teached" ninamwacha amalize kwanza. Anamaliza anachotaka kuniambia mpaka mwisho. Halafu ndio namwambia, polepole, neno ni "taught". Wengine wanashangaa nimekuwa mpole. Si upole. Ni woga.

Ndugu yangu unayesoma, kama umesoma kuliko wazazi wako, nisikilize mimi niliyeharibu. Siku mzazi wako atakapokuandikia kitu, kwa meseji, kwa karatasi ya sukari, kwa lugha yoyote iliyopinda, usitafute makosa. Utayapata, yako hapo, hayaendi popote. Tafuta anasema nini. Soma mpaka nyuma. Ukiona haya mbele ya watu, basi ona haya, haiui mtu, watu watacheka kidogo wale wali waende makwao. Mimi niliogopa kicheko cha dakika mbili, na angalia mahali nipo.

Baba aliniambia ndugu zangu niwaambie mimi, kwa mdomo wangu, kwa sababu yeye si wa kunibebea hilo, na kurasa zao atawaambia nikishasema. Ni mwaka sasa. Kila tukikutana nafungua mdomo, halafu nauliza habari ya watoto. Nimeona niandike hapa kwanza, nizoee kuona maneno yenyewe yakiwa yameandikwa.

Na wewe kaka yangu, na wewe mdogo wetu, kama mmesoma mpaka hapa mkaanza kushuku, ni mimi. Kulikuwa na ukurasa wa kila mmoja wenu. Nendeni kwa Baba upesi, kabla hajasahau, mwambieni awaambie zile zenu. Zenu anazikumbuka.